Kura Sitini na Tatu za Chumba Namba Nne

Jumatatu, 3 Agosti
Dada amenipa hadi siku ya uchaguzi. Niwe na kazi, au nihame chumba chake cha nyuma, anataka kuweka cherehani. Nimemwambia atulie, mdogo wake anagombea udiwani. Alicheka mpaka akakaa chini.

Hajui ninachokijua. Kabla sijafukuzwa kazi kwenye ghala la nyaraka la kaunti (nilisinzia, basi), nilinakili matokeo ya chaguzi saba. Zamani mtaa wote ulikuwa wa kiwanda cha mbao, na wote walipigia chama cha Msumeno. Kiwanda kikaungua, mafundi wakatawanyika, zikaja ghorofa za wapangaji, kura zikahamia Mwavuli. Mara ya mwisho vijana wa ghorofani wakawatosa hata hao, wakaenda Ngazi. Kila chumba cha kupigia kura kimegeuka, isipokuwa namba nne pale shuleni. Msumeno, kura sitini na tatu. Chaguzi zote saba. Hazipandi, hazishuki.

Watu waaminifu namna hii wanamngoja nani kama si mimi?

Jumatano, 5 Agosti
Nimepata tiketi ya Msumeno. Katibu wa chama, ambaye siku hizi ndiye chama chenyewe, alinipa fomu na fulana moja. Akanisihi nisiende kuwatafuta watu wa chumba namba nne. Choyo tu.

Jirani yangu Fundi Saa anagombea kwa Ngazi. Ana kipaza sauti. Tangu utotoni lazima awe na kitu cha kunizidi.

Alhamisi, 6 Agosti
Daftari la wapiga kura limebandikwa shuleni. Wangu wote wanaishi Mtaa wa Kiwandani, nyumba ya kwanza hadi ya sitini na tatu. Kila nyumba mtu mmoja.

Nilifika saa sita mchana. Hakuna nyumba. Nyasi na misingi iliyoungua. Nilijinadi hivyo hivyo, mwanasiasa habagui. Niliahidi maji. Nilipotaja maji, nyasi zote zililala upande wangu, na upepo haukuwapo. Ikaja harufu ya mbao mbichi, kana kwamba imekatwa sasa hivi.

Niliogopa, sifichi. Nywele zilinisimama. Kisha nikajiambia: kumbe wananisikiliza.

Jumamosi, 8 Agosti
Dada alinipangusa unga wa mbao shingoni, akauliza nimeutoa wapi. Nikamweleza. Akasema baba mkubwa alikaa nyumba ya kumi na mbili, na siku ya moto hakutoka kiwandani. Hawakutoka watu sitini na tatu. Akaniomba nijitoe, cherehani itangoja hata mwaka.

Nimeelewa mara moja. Fundi Saa amemjaza maneno.

Jumanne, 11 Agosti
Uchaguzi. Chumba namba mbili, ninakopigia siku zote, jina langu halimo. Karani alipekua mara tatu, akanielekeza namba nne.

Foleni ndefu, imetulia. Hakuna anayekohoa. Wote walinipisha mbele, heshima ya watu wa zamani hiyo. Nilimwambia mzee mmoja kuwa joto la leo limezidi. Akaitikia kwa kichwa, unga wa mbao ukamdondoka begani. Nilichovya kidole kwenye wino. Kilitoka kikavu. Vifaa vya serikali!

Jumatano, 12 Agosti
Diwani ni Fundi Saa. Wizi mtupu. Lakini chumba namba nne: Msumeno, kura sitini na nne. Nimepandisha! Katibu aliiona karatasi, akavua kofia, akanipa pole. Pole ya nini? Yeye hakuwahi kuongeza hata moja.

Na daftarini, mbele ya jina langu: Mtaa wa Kiwandani, nyumba ya sitini na nne. Wamenipa nyumba. Nimekwenda kuiona mchana huu. Imesimama, mbao mpya, mlango wazi, na majirani wote wamejipanga kunipokea.

Dada analia tangu nianze kukunja godoro. Anasema nibaki, chumba ni changu siku zote. Namwonea huruma, lakini mtu hukataaje nyumba?

Uchaguzi ujao nataka sitini na tano. Inahitajika kura moja tu. Nimemkaribisha Fundi Saa kesho aje aone ninapokaa.