Ncha Mbili za Blanketi

Jumatatu, 6 Oktoba

Balaa! Mama Bosi ametukusanya mbele ya karo asubuhi. Jumamosi inaletwa mashine ya kukamua nguo. Wakamuaji tuko wawili, atabaki mmoja wa kuiendesha. Mwingine, kwa maneno yake, "atajitafutia". Ajitafutie nini? Nina miaka kumi na moja katika kazi hii ya udobi. Nimekamua mablanketi ya hosteli, mashuka ya nyumba za wageni, mapazia marefu kuliko mimi. Mikono hii ndiyo mashine! Haitaki umeme, haitaki fundi. Lakini dunia ya leo ikiona chuma kinazunguka, inapiga makofi.

Mshindani wangu ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Blanketi hukamuliwa na watu wawili. Kila mmoja anashika ncha yake, mnatazamana, huyu anapinda huku, yule anapinda kule, maji yanamwagika katikati. Miaka minne tunatazamana hivyo. Leo nimemtazama kwa jicho jingine. Ana mabega! Wiki iliyopita hayakuwapo.

Nimeshinda nikifikicha viganja.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango: kumkamua shemeji maneno. Jana bosi alimwita pembeni dakika nzima. Walisema nini? Wakati wa mapumziko nikampelekea chai, nikamsifu viatu, nikamuuliza polepole kama mtu asiye na haja. Akasema bosi alikuwa anaulizia ufunguo wa stoo. Ufunguo! Nikabana zaidi. Nikanyamaza, ili aone haya aongee.

Hakuona haya. Kimya kikanishinda mimi. Kufumba na kufumbua nimeshamweleza kwamba kifundo cha mkono wangu kinauma tangu Aprili, na kwamba lile pazia la hoteli lililobabuka mwaka jana ni mimi niliyelisahau kwenye dawa ya kung'arisha. Akasema pole sana, shemeji. Akamaliza chai yake. Akamaliza na yangu.

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango wa pili, wa kitaalamu. Bosi akisimama mlangoni, nipinde upande uleule anaoufuata shemeji. Blanketi lizunguke tu kama kamba, maji yabaki ndani, yeye aonekane hana nguvu. Nani atajua?

Saa nne bosi akasimama. Nikapinda. Blanketi likazunguka, halikutoa hata tone. Shemeji akatoa macho. Bosi akauliza kama siku hizi tunalipwa kucheza ruka kamba. Nikaanza kutikisa kichwa, kumsikitikia shemeji. Ndipo yeye, kwa ule upole wake wa kuudhi, akamwomba bosi amwie radhi shemeji yake, kifundo kinamsumbua tangu Aprili.

Tangu Aprili! Mbele ya bosi!

Tena nimegundua jambo ambalo mkamuaji wa miaka kumi na moja hakupaswa kuligundua leo. Blanketi ni moja. Ncha yake ikibaki na maji, na yangu ina maji.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nyumbani hakukaliki. Shemeji alimpigia dada yake simu, akamwomba anikande mkono kwa maji ya moto. Mke wangu hakukanda. Alikuwa anapiga deki. Akauliza ni kweli namfanyia vitimbi mdogo wake? Nikasema vitimbi gani, huu ni ushindani wa kikazi. Akaniita "baba watoto", jina analolitoa mambo yakishaharibika. Akasema, baba watoto, wewe hata jipu lako mwenyewe linakushinda kulikamua, utamkamua mtu mzima maneno?

Kumbe ameambiwa hadi ya chai!

Kisha akalisokota tambara la deki mpaka likalia. Macho yake yalikuwa kwenye shingo yangu. Nimekula nimekaa karibu na mlango.

Ijumaa, 10 Oktoba

Imebaki siku moja. Nikaamua kumkamua bosi huruma. Huruma inataka machozi. Nikafikiria shida zangu zote, hayakuja. Nikafikiria shida za jirani, nikacheka. Basi nikajipaka sabuni ya unga chini ya macho. Kidogo tu!

Yalikuja yote. Niliingia ofisini nikipapasa ukuta. Nikaanza hotuba ya watoto watatu na baba mmoja. Nilikuwa katikati, mahali pazuri kabisa, nikasikia bosi akiniuliza kwa nyuma mbona naongea na kabati.

Akaninawisha uso mwenyewe. Akasema, kumbe sabuni inakudhuru, kaka, mbona hukusema siku zote hizo? Akaiandika kwenye daftari lake. Dobi anayedhuriwa na sabuni! Ni sawa na mwokaji anayeogopa tanuri. Nimekwisha.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mashine imefika. Ndogo, nyeupe, imewekwa katikati kama mgeni rasmi. Bosi akatusimamisha mbele yake. Kabla hajafungua kinywa, shemeji akasema, mama, mpe shemeji. Yeye ana watoto, mimi niko peke yangu, nitapata pengine.

Moyo ulinilipuka. Mtego! Anajifanya muungwana ili bosi aone huyu ndiye mtu. Mimi simo! Nikadakia kwa sauti kubwa kuliko yake. Hapana, mama, mpe yeye! Yeye kijana! Mimi kifundo, mimi macho, mimi ndiye niliyebabua lile pazia! Nikavuta pumzi, nikangoja aseme la hasha, muungwana ni wewe.

Bosi akasema haya, mkubwa ameshasema. Akampa shemeji kitabu cha maelekezo.

Halafu akaniuliza, pazia gani?

Jumatatu, 13 Oktoba

Shemeji kapita asubuhi. Kumbe mashine ina tumbo dogo, mablanketi ya hosteli hayaingii. Amemwomba bosi mpaka amekubali: siku tatu kwa wiki nikayakamue yale makubwa. Ila yeye sasa yuko kwenye mashine, kwa hiyo nitafute mtu wa ncha ya pili.

Mke wangu alimkumbatia mdogo wake. Mimi nikashukuru kwa mdomo. Ananihurumia kwa nini? Anataka nini huyu?

Hata hivyo, mtu nimempata. Mdogo wao wa mwisho, yule mkimya, mpakaji rangi wa nyumba asiye na kazi. Hana tamaa, hana maneno. Nitamweka ncha ya pili, kisha taratibu nimtie hamu ya mashine. Ndugu wakigombana wao kwa wao, kiti kitabaki wazi. Safari hii hakuna pa kukosea!

Nimemwita mchana, nikamweleza kazi. Aliitikia kila kitu. Aliuliza swali moja tu: shemeji, wewe unastaafu lini?

Kijana ana adabu sana. Anajali nipumzike. Anaanza kesho.