Jinsi Ermengol wa Sant Julià Alivyovuka Mpaka Kulipigania Taifa kwa Simu

Njooni, enyi wakazi wa mabonde, nanyi mkaao mbali na milima; acheni supu zenu zipoe, zimeni redio, wafungieni mbwa nje, maana nataka kunena habari kubwa, habari ya vita visivyomwaga damu bali jasho, vilivyopiganwa na Andorra, nchi yetu ndogo isiyo na jeshi, wala manowari, wala uwanja wa ndege, ila ina maduka ya siagi na tumbaku yasiyo na idadi. Nawe Sauti, binti wa koo, bibi wa vipaza sauti vyote, nijalie pumzi nisimulie bila kukohoa, na unisamehe pale nitakapotia chumvi, kwa kuwa chumvi huku kwetu haina ushuru.

Kwanza yajueni masaibu yetu. Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Mei, mataifa ya Ulaya hukusanyika kwenye Mashindano ya Nyimbo, yakapambana kwa taa, kwa moshi, kwa nywele zipeperushwazo na feni, na hukumu hutolewa na watu walioketi makwao na simu mkononi. Andorra nayo ilituma mashujaa wake. Tulipeleka sauti nyororo, ikarudishwa katika nusu fainali. Tukapeleka vijana wenye magitaa na hasira, wakarudishwa katika nusu fainali. Tukapeleka mavazi ya kumetameta na tabasamu la meno yote, navyo vikarudishwa. Fainali tuliijua kama tunavyoijua bahari, yaani kwa kuiona kwenye televisheni. Taifa jingine lingekata tamaa, lakini sisi theluji ikishayeyuka hatuna mambo mengi ya kufanya.

Mwaka huu ninaousimulia, zamu ilimwangukia Queralt, mpwa wangu, mtoto pekee wa dada yangu Remei na mumewe Ermengol. Na huyu Ermengol ndiye shujaa wa kisa hiki: Ermengol Mwenye Kidevu Kipana, Mlinzi wa Majokofu, Bwana wa Jibini, mwenye duka katika barabara kuu ya Sant Julià, hapo chini karibu na mpaka wa Hispania. Hakuwahi kumwogopa mwanadamu yeyote isipokuwa mkewe, ila ndege zilimtoa jasho, na kwa sababu hiyo binti alisafiri kwenda mashindanoni bila wazazi.

Siku ya kuondoka, Queralt alisimama mbele ya kaunta ambako yeye mwenyewe huuza, begi begani, macho mekundu.

"Baba, sisemi fainali siitaki. Ikija, ije," alisema. "Ila nisiwe wa mwisho. Nikiwa wa mwisho, nitarudi hapa hapa, na kila atakayeingia kununua siagi atanipa pole. Mwaka mzima! Siwezi, Baba. Bora nihamie Ufaransa."

Ermengol akaweka mkono mmoja kifuani na mwingine juu ya mashine ya kukatia nyama, akanena kwa sauti iliyotikisa chupa rafuni: "Binti yangu, damu ya damu yangu! Naapa kwa milima hii iliyotuzaa, hutakuwa wa mwisho maadamu mimi napumua!"

"Toa mkono kwenye mashine," dada yangu alimwambia. "Na unaapaje? Kwani kura unahesabu wewe?"

Lakini kiapo kilikwisha toka, na kiapo cha Ermengol, tofauti na pumzi yake, hakirudi ndani. Basi ikawa siku ya nusu fainali, shujaa akafunga duka mapema, akatuita mimi na Remei, akatufunulia mkakati wake. Sheria ya mashindano, alisema, inakataza nchi kujipigia kura. Simu ya Andorra haiwezi kuipa Andorra kitu. Ila Hispania ipo hapo chini, mwendo wa sigara moja kwa gari, na katika mji wa La Seu anakaa binamu yake Hortènsia, mwenye televisheni, sebule, na simu ya Kihispania.

"Si umpigie tu Hortènsia umwambie apige hiyo kura?" Remei aliuliza.

"Remei! Je, mababu waliulinda mwamba huu kwa kutuma salamu? La hasha! Walikwenda wenyewe, kwa miguu yao, na—"

"Sema ukweli, Baba Queralt."

Shujaa akashusha mabega. "Hortènsia atasema ndiyo, halafu atampigia yule Mgiriki asiyevaa shati."

"Hata mimi ningempigia," dada yangu alisema, akachukua funguo za gari.

Hapo ndipo lilipotendeka kosa, nalo ni kosa ambalo hawezi kulitenda mtu yeyote duniani ila Mwandorra. Kwetu hakuna anayeteremka kwa ndugu zake wa Hispania mikono mitupu. Huko bei ni kali, na mgeni asiyebeba chochote husemwa mpaka Krismasi. Basi wakati Remei anapasha gari moto, mikono ya Ermengol, bila kuomba ruhusa kichwani, ilianza kupakia buti kama inavyopakia kila Jumapili: maboksi ya sigara, mifuko ya sukari, siagi ya kulisha kijiji. Mwisho kabisa akaja na duara zima la jibini, buti likamkatalia, akanipakatisha mimi, mwandishi wenu, kwenye kiti cha nyuma. Nililikumbatia njia nzima nikisikia miguu inakufa ganzi.

Tukateremka. Redio ya gari ilikuwa ikitangaza mashindano, mataifa yakipanda jukwaani moja baada ya jingine, na Ermengol alimtukana kila mwimbaji kwa heshima ya kivita. Wimbo wetu ulikuwa namba kumi na moja. Walipokuwa kwenye wa nane, tukafika kwenye lango la forodha ya Hispania, na mkono mrefu wenye glavu nyeupe ukatusimamisha.

Mwenye mkono huo aliitwa Baldomero, ofisa wa forodha mwenye masharubu yaliyonyooka na uso wa mtu aliyepangiwa kazi asiyoipenda.

"Jioni njema. Mna mzigo wowote wa kulipia ushuru?"

"Hakuna, afande," Ermengol alijibu kabla hajafikiri, maana jibu hilo sisi hujifunza mapema kuliko sala.

Ofisa akainama, akachungulia nyuma. "Na hicho nini?"

"Huyo ni shemeji yangu."

"Nauliza alichopakata."

Ole wetu! Buti likafunguliwa, na yaliyokuwa gizani yakaonekana nuruni. Baldomero alitazama sigara, akatazama sukari, akatazama siagi, halafu akamtazama Ermengol kwa huzuni.

"Mzee, umebakisha nini dukani?"

"Afande, hivi ni vizawadi tu vya binamu."

"Binamu mmoja? Ingieni ndani. Tutapima kila kitu."

Basi tukaingizwa kwenye kibanda cha forodha, mimi na jibini langu, na mzani ukaletwa, pakiti moja baada ya nyingine. Pembeni palikuwa na televisheni ndogo ikionyesha mpira. Ermengol alipoiona alisimama katikati ya sakafu, akapanua kifua, akaanza hotuba ambayo nimeipunguza kwa kuwahurumia.

"Ewe mlinzi wa lango la Hispania! Upime siagi yangu, uichukue sukari yangu, lakini geuza chombo hicho! Muda huu huu taifa lisilo na bunduki limesimama peke yake mbele ya Ulaya nzima, na silaha yake ni koo la msichana mmoja!"

"Bwana wee," Baldomero alisema bila kuinua macho kwenye mzani, "mimi ni mtu wa kusini. Nimeletwa kwenye baridi hii sina mke, sina jua, nina mpira tu. Sasa unataka niangalie watu wanarukaruka kwenye moshi?"

Dada yangu akamsogelea. Hakupaza sauti. "Afande, anayeimba ni mwanangu. Dakika tatu tu. Baadaye pima siagi mpaka kesho, hatutakusumbua."

Ofisa akamtazama, akautazama mpira, akashusha pumzi, akampa rimoti.

Na tazama, alikuwa yeye. Queralt alisimama peke yake ndani ya gauni la kijani, mdogo kuliko tulivyomzoea, na neno la kwanza lilitoka jembamba hata nikafunga macho. La pili likapata miguu. Alipofika kwenye kiitikio sauti ilipanda, ikakaa juu, haikutetemeka, na nilitaka kulia, sioni aibu kusema. Remei alikuwa ameshika mkono wa sare ya ofisa bila kujua ameshika nini. Ermengol, ambaye hakuwahi kunyamaza hata kwenye mazishi ya mama mkwe wake, alinyamaza. Wimbo ulipokwisha, ofisa aliusogeza mzani pembeni.

"Anaimba," Baldomero alisema. "Yule anaimba kabisa."

Nyimbo zilizobaki zikapita, tarumbeta zikalia, laini za simu zikafunguliwa. Muda ulikuwa mfupi na La Seu ikawa mbali kama mwezi. Shujaa akapandwa na wazimu wa vita.

"Afande, chukua vyote! Sigara, siagi, vyote viwe vyako, niazime simu tu!"

"Hiyo inaitwa rushwa, mzee. Ina faili lake, tena nene kuliko hili."

"Nyamaza, Baba Queralt, kabla hatujalala ndani," Remei alimwambia.

Baldomero akajikuna masharubu. "Sheria iko hivi. Kilichozidi, ama ulipe faini, ama ukiache serikalini na kesi iishe. Uchague."

Hapo ndipo Ermengol alipokuwa mkubwa kweli. "Naacha!" alinguruma. "Sigara naacha! Sukari naacha! Siagi naacha! Na jibini hilo, ambalo nililigeuza kwa mikono yangu majira yote ya baridi, naliacha!"

"Jibini halijazidi. Beba jibini lako." Kisha ofisa akatoa simu mfukoni. "Sasa huna kesi, na mtu asiye na kesi namwazima simu. Kura moja. Usinimalizie salio."

Ermengol akaipokea kwa mikono miwili. Akaiinua juu, akakaza macho kwenye dari kama watazamavyo washindi kwenye sanamu, akanena: "Kwa ajili ya Andorra! Kwa ajili ya mabonde yake! Kwa ajili ya Queralt!" Na kwa kila "kwa ajili" dole gumba lake nene lilibonyeza. Akaiweka simu sikioni, akatabasamu, halafu tabasamu likamtoka taratibu. Simu ilikuwa ikimshukuru kwa kuipigia kura nchi namba kumi na saba, dola kubwa mno ambayo sitaitaja, kwa kuziheshimu manowari zake.

Kibanda kizima kilimtazama.

"Ulete hapa," Remei alisema. Akavaa miwani, akabonyeza polepole, akasikiliza mpaka mwisho. "Tayari."

"Nilisema moja," ofisa alimkumbusha.

"Ile ya kwanza haikuwa yetu."

Baldomero akaichukua simu yake, akatugeuzia mgongo, nasi tukasikia naye anabonyeza. "Msinitazame," alisema. "Salio ni langu."

Bahasha za waliofuzu fainali zilifunguliwa, zikasomwa zote, na Andorra haikutajwa. Kwa mara nyingine fainali ilituacha mlangoni. Tulipanda kurudi nyumbani buti tupu, jibini mapajani mwangu, na hakuna aliyewasha redio.

Lakini sikieni, msiondoke. Fainali ilipopita, hesabu kamili za nusu fainali zikatangazwa, na mtaa wetu wote ukajazana dukani kuzisikiliza. Chini kabisa, mkiani, ilikuwa dola ile namba kumi na saba, na manowari zake, na vifaru vyake, na kwaya yake ya jeshi. Juu yake, kwa pointi moja, tulikuwa sisi. Pointi moja! Kengele ya kanisa ikapigwa, magari yakapiga honi, wanaume wakambeba Ermengol mabegani wakamzungusha mtaa mzima wakiimba habari za baba aliyeacha siagi yake Hispania ili taifa lisimame. Naye alikubali kubebwa, akapunga mkono, na habari za dole gumba hakuzigusa. Remei aliangalia kutoka mlangoni, mikono kiunoni, akamwachia mwenyewe siri yake, nami nikafuata.

Queralt alirudi siku ya pili. Watu walipokwisha kumkumbatia na kutoka, akabaki na sisi, akamtazama baba yake.

"Wanasema ulivuka mpaka, ukaacha mzigo wote, ukanipigia kura. Kweli, Baba?"

Ermengol akajishika kidevu kile kipana. "Mpaka nilivuka. Mzigo niliuacha. Ila kura, mwanangu... Kura niliwapa wale wa kumi na saba. Nilikuwa natazama dari. Aliyekupigia ni mama yako, na afande mmoja."

Binti akamkodolea macho. Nikadhani atalia.

"Yaani wale wa mwisho? Nimewashinda wakiwa na kura yako?"

"Wakiwa nayo," baba alikiri.

Akacheka mpaka akashika kaunta asianguke, Remei naye akacheka, na shujaa, alipoona hajachukiwa, akacheka kwa sauti iliyotikisa chupa rafuni, huku machozi yakimshuka waziwazi.

Basi na itangazwe katika mabonde yote, na wajukuu wafundishwe kabla ya hesabu: ya kwamba Andorra, isiyo na jeshi, ilipigana na dola yenye manowari, na dola ile ilisaidiwa na Ermengol mwenyewe, na bado Andorra haikuwa ya mwisho.