Mkuu wa Usalama na Umeme

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Shangazi ametuita ofisini, mimi na Shemeji, akafunga mlango. Anafungua karakana ya pili ya kushona sare, ng'ambo ya barabara. Jumamosi atamtaja meneja wake. Mimi au Shemeji. Sasa, mimi ni mtoto wa kaka yake, damu kwa damu. Shemeji kamwoa dada yangu tu. Kuna haja ya kufikiri hapo?

Ila kuna mtihani. Jirani yetu mchapa kadi amevamiwa na wezi wa mtandaoni. Kompyuta zake zote zimefungwa, hata picha ya kadi moja haifunguki, nao wezi wanataka walipwe ndipo wazifungue. Isitoshe, bili yetu ya umeme imepanda mpaka Shangazi hataki kuitazama. Basi atakayeziba mianya ya wezi na kupunguza umeme, huyo ndiye meneja. Akatukumbusha kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Nadhani kwa upendo.

Nimejipa cheo hapo hapo: Mkuu wa Usalama na Umeme. Nimekichapa kwa herufi kubwa na kukibandika mlangoni. Kazi ya kwanza, nimetaifisha birika la umeme la Shemeji. Linakula umeme hilo, wacha! Shemeji akauliza mbona feni yangu inazunguka kutwa. Nikamweleza kwamba feni ni kifaa cha usalama, inapoza kompyuta. Akasema kompyuta iko chumba cha pili. Nikajifanya sikusikia.

Jumanne, 4 Machi

Mtego! Nimetuma barua pepe ya uongo kwa karakana nzima: hongera, umeshinda birika jipya, bofya hapa. Wezi ndivyo wanavyoanza. Nilijua Shemeji, mfiwa wa birika, atauingia mzimamzima, nami nitampeleka kwa Shangazi kama ushahidi.

Amebofya mtu mmoja tu. Mara tatu. Shangazi.

Alinijia anachekelea, anauliza birika lake linafika lini, maana tangu azaliwe hajawahi kushinda kitu. Ningemwambia nini? Nikalifunga birika la Shemeji kwa karatasi ya maua, nikampelekea. Alifurahi hadi akanikumbatia! Kisha akachungulia ndani, akashangaa kwamba zawadi za siku hizi zinakuja na majani ya chai.

Jioni napita, naliona birika limerudi mezani kwa Shemeji. Shangazi kamwazima. Eti anamwonea huruma, lake limepotea.

Jumatano, 5 Machi

Leo umeme umenikoma. Kwanza nimechomoa nusu ya balbu za karakana, pamoja na ile ya juu ya mashine ya kutarizi. Mama Sindano, fundi wa mashine hiyo, amelalamika kwamba haoni hata anachokishona. Nikamwambia fundi hodari huona kwa vidole. Akasema atayakumbuka maneno hayo. Vizuri. Watu wanaanza kukumbuka maneno yangu.

Pili, nimefunga kisaa kwenye swichi kuu. Dakika kumi baada ya watu kutoka kula, pap! Umeme wa karakana nzima unakatika wenyewe. Watu wakirudi kazini, unarudi. Shangazi akasema hapo nimetumia akili. Akili! Alisema mbele ya Shemeji!

Na Shemeji kafanya nini siku nzima? Kazunguka anazima mashine zisizotumika, moja moja, kama mlinzi wa shule. Halafu kanakili picha zote za nembo za wateja kwenye kidude kidogo, akakifungia kabatini kwa Shangazi, eti wezi wakija tusibaki mikono mitupu. Woga tu huo. Meneja hawi hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Usalama! Asubuhi nimepita kwenye kila kompyuta nikichana vikaratasi vya maneno ya siri. Watu wameyabandika kwenye vioo, kweupe, mwizi asome huku anakunywa maji! Nikaweka neno moja jipya la siri kwa kompyuta zote. Refu, lenye herufi kubwa, alama na namba. MenejaNiMimi!ShemejiLeteChai2. Hata wezi waje ukoo mzima, hawalipati.

Shida ni kwamba hata mimi silipati. Nimelisahau mara mbili kabla ya saa nne, karakana nzima imesimama inanisubiri. Mara ya kwanza nilisahau alama, mara ya pili chai. Kuandika kwenye karatasi siwezi, nimekwisha piga marufuku.

Ndipo likanijia wazo. Leso! Nani atachungulia leso ya mwanamume mwenye mafua?

Nikangoja watu watoke kula. Mama Sindano alikuwa katikati ya sweta za shule, anatarizi nembo ya bundi kifuani. Mashine yake haina makuu: unaipa picha kutoka kwenye kompyuta, nayo inaikumbuka na kuirudia kila nguo mpaka uibadilishe. Nikamwondoa bundi, nikaingiza neno langu, nikategesha leso. Sindano ikaenda mbio. Ilipomaliza ile mbili ya mwisho, pap! Kisaa changu kimekata umeme. Kazi safi kabisa!

Nilitaka kumrudisha bundi, lakini bila umeme ningemrudishaje? Nikasema mashine ina akili, itajirudi yenyewe. Nikaenda kula. Chakula kilikuwa kitamu.

Jioni sweta zote zimefungwa na kupelekwa shuleni. Mama Sindano anasema zile za mchana kazishona kwa vidole, kama nilivyomfundisha.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mwalimu Mkuu wa shule kaingia asubuhi, sweta mkononi. Nusu ya wanafunzi wamevaa bundi. Nusu nyingine wamevaa MenejaNiMimi!ShemejiLeteChai2, herufi za dhahabu. Wamepanga mstari uwanjani wanalisoma kwa sauti moja, na hakuna anayetaka kuvua sweta yake. Mwalimu Mkuu akauliza huyo Shemeji ni nani, na chai mbili ni za nani.

Nikapenga kamasi. Kwa leso. Shangazi akaiona.

Akaisoma leso, akasoma sweta, akasoma leso tena. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema. Safari hii sina hakika na upendo.

Shemeji alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akanyanyuka, akafuta machozi, akaenda kubadilisha maneno ya siri ya kompyuta zote, kila mtu lake, kabla watoto hawajafika nyumbani. Maana funguo za karakana yetu zilikuwa vifuani mwao, zinacheza mpira. Mwalimu Mkuu ametoa nafasi mpaka Jumatatu. La sivyo oda inaondoka, na ya mwakani nayo. Shangazi alikaa peke yake ofisini muda mrefu bila kuwasha taa. Hapo, kusema kweli, niliona aibu.

Jumamosi, 8 Machi

Meneja ni Shemeji.

Sweta zimerudishwa, na mimi nimepewa kazi ya kufumua yale maandishi. Uzi mmoja mmoja, sweta moja moja, halafu Mama Sindano anamrudisha bundi. Nikamwomba anisaidie balbu. Akasema fundi hodari huona kwa vidole. Nikahamia dirishani. Macho yalinilenga machozi, na si kwa sababu ya uzi. Nilikitaka kile kiti. Nilikwisha chagua hata mahali pa kuweka feni.

Mchana mlango ukafunguliwa. Shemeji, na vikombe viwili vya chai. Akanipa kimoja, akaketi na kingine, akavuta sweta akaanza kufumua pamoja nami. Hakunicheka hata kidogo. Akasema karakana mpya itahitaji mtu wa mawazo, ila mawazo yapite kwake kwanza. Mtu mwema, shemeji yangu, nilikuwa nimelisahau hilo.

Halafu nikavitazama vile vikombe. Shemeji. Kaleta. Chai. Mbili.

Kumbe linafanya kazi!

Jumatatu, 10 Machi

Sweta zimepokelewa! Bundi mia kwa mia, Mwalimu Mkuu kashukuru, oda ya mwakani ni yetu. Shangazi ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Tena katika kazi ya kufumua sijatumia umeme hata chembe. Nimemkumbusha jambo hilo.

Ameniruhusu kuwa na neno langu la siri, la kompyuta yangu tu. Ameniapisha mbele ya Shemeji: nisiliandike popote. Kwenye karatasi, ukutani, mkononi, popote. Nimeapa kwa moyo mmoja, na kiapo nimekitimiza. Sijaandika.

Nimetarizi. Ndani ya soksi safari hii, maana soksi haipengewi kamasi. KiwandaChangu!ShangaziLeteFunguo3. Nimelitarizi wakati wa chakula, Mama Sindano alipotoka. Yuko katikati ya oda mpya, aproni za hoteli kubwa, mteja mkali kuliko Mwalimu Mkuu. Soksi imetoka safi kabisa, ile tatu imekamilika sekunde moja tu kabla kisaa hakijakata umeme.

Sasa nakwenda kula.