Mashine Iliyojua Kusalimia

Hakuna mtu mjini anayezijua habari za mageuzi ya kidijitali kunishinda mimi. Simu yangu naijua nje ndani. Kilichobaki ni kujifunza kuiwasha tu. Basi nisikilizeni, maana haya ni mambo ya kitaalamu, na wataalamu wenyewe walipoyaeleza hawakueleweka.

Siku hiyo Kampuni ya Simu ilitangaza, kwa spika zilizofungwa juu ya paa lake, kwamba kuanzia saa ile si kampuni ya simu tena. Ilikuwa imepanda daraja na kuwa Mazingira Jumuishi ya Masuluhisho ya Kidijitali. Wapita njia walisimama wakasikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akauliza kama sasa simu zitaacha kukatika. Akajibiwa kwamba hilo ni swali la kampuni ya simu.

Aliyeyatunga yote hayo ni Mkurugenzi wa Mageuzi, bwana mmoja mwenye tai ndefu na sentensi ndefu zaidi. Tumwonee huruma, alikuwa na sababu. Ng'ambo ya barabara ilikuwa imefunguliwa kampuni nyingine ya simu, na wateja walikuwa wanahamia huko na namba zao, kama nyuki wanavyohama na malkia wao. Bodi ilimwambia wazi: ukiwarudisha, kiti cha Mkurugenzi Mkuu ni chako, ukishindwa, kampuni tunawauzia hao majirani, na wewe utavuka barabara kuwaomba kazi. Naye alikuwa ameshawatangazia wakwe zake kwamba kiti ni chake. Mtu wa namna hiyo halali.

Akaingia kazini. Mlinzi wa mlangoni akamgeuza kuwa Afisa wa Uzoefu wa Awali wa Mteja, akamwachia rungu lilelile. Foleni ikaitwa Safari ya Mteja. Viti vikaondolewa, kwa kuwa aliye safarini hatakiwi kukaa. Mwenye malalamiko kwamba hana mtandao alielekezwa ayatume kwa mtandao, na wiki nzima halikuingia lalamiko hata moja. Mkurugenzi akaiandikia Bodi kwamba tatizo la mtandao limekwisha.

Kisha akaleta mashine. Ilikuwa skrini kubwa ukutani, yenye picha ya binti anayetabasamu, nayo kazi yake kusikiliza shida za wateja na kuzitatua bila mkono wa binadamu. Iliitwa Msaidizi Mahiri. Ilinunuliwa mbali, na inaonekana huko mbali watu wakikutana huanza na shida moja kwa moja.

Mteja wake wa kwanza alikuwa mzee mmoja, fundi saa.

"Hujambo, mwanangu?" mzee akasema.

"Samahani, huduma hiyo haipatikani," mashine ikajibu.

"Huduma gani? Nimekuuliza hujambo. Umeamkaje?"

"Samahani, sijaelewa. Kwa habari za salio, sema salio."

"Salio la nani? Mimi sijafika huko. Nyumbani hawajambo?"

"Asante kwa kutumia huduma zetu. Kwaheri."

Mzee akamgeukia Afisa wa Uzoefu wa Awali. "Huyu binti amelelewa na nani?"

"Na kampuni, mzee wangu."

"Ndiyo maana." Akavuka barabara.

Wengine wakamfuata. Mama mmoja muuza vitambaa aliiamkia ile skrini kwa heshima zote, akauliza hali, akaeleza alivyolala, na kabla hajafika kwenye shida yake akaambiwa muda wake umekwisha. Alitoka analia, akijua ametabiriwa kifo. Wataalamu wa huko mbali walipoulizwa la kufanya, walishauri wateja wapewe mafunzo ya kutosalimia.

Na Bodi ilikuwa njiani kuja kujionea. Mkurugenzi akamwita ofisini mhudumu wa kaunta. Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, dada mwenye mdomo usiojua Jumapili. Kazi aliipata kwa sababu mke alitaka, na mke akitaka, hata Mkurugenzi wa Mageuzi hageuzi.

"Shemeji, nimekuletea fursa," alisema akifunga mlango.

"Fursa haifungiwi mlango, shemeji. Sema unataka nini."

"Nyuma ya ile skrini kuna stoo. Nimeweka kipaza sauti, na tundu la kuchungulia. Mteja akisema, wewe unajibu."

"Yaani niwe mashine."

"Uwe rasilimali ya kiakili iliyojumuishwa ndani ya ukuta."

"Mashine, basi. Kuna feni humo?"

"Ipo."

"Ona mambo! Miaka yote nimekuwa binadamu pale kaunta, najipepea na bahasha. Leo nageuka mashine, feni hiyo hapo. Ningejua, ubinadamu ningeuacha mapema."

"Na usimwambie mtu. Hata dada yako."

"Nimwambie nini? Kwamba mumewe kaniweka stoo?"

Asubuhi iliyofuata mashine ilipata adabu. Mzee fundi saa, aliyepita kuichungulia kwa ubishi tu, alisikia skrini ikimwamkia: "Shikamoo, baba. Mbona unatembea kwa kuegemea upande? Ni goti?" Mzee akavua kofia. Walikaa kwenye hilo goti muda mrefu, maana kila aliposema linauma hapa, mashine iliuliza, na hapa je?

Habari zikavuka barabara zenyewe. Watu wakarudi. Waliamkiwa, waliulizwa watoto, waliofiwa walipewa pole, na mwisho, wakiwa wameshalainika kama unga uliokandwa, waliambiwa kwamba mtandao bado haujatengemaa. Wakashukuru sana. Hakuna aliyepata huduma, na hakuna aliyeondoka na hasira. Ndiyo maana halisi ya ushindani. Muuza vitambaa aliomba ushauri juu ya bwana anayemchumbia binti yake. Mashine ikamjibu kwamba mwanamume asiyepokea simu mchana, ana mtu wa mchana. Mkurugenzi akaandika kwenye taarifa yake: "Mfumo umeanza kutoa uchambuzi wa mienendo."

Ajabu ni kwamba naye alianza kuamini. Alipopita mbele ya skrini aliitikisia kichwa, kama baba anayejivunia mtoto aliyefaulu. Shemeji yake akalijua hilo, akawa anamwambia kwa kipaza sauti, "Vaa soksi zinazofanana, Mheshimiwa." Naye akirudi nyumbani anamsimulia mkewe jinsi teknolojia inavyoona mbali.

Bodi ikafika, wajumbe wote na makoti yao. Mwenyekiti wao alikuwa hakimu mstaafu, mama mtulivu mwenye macho ya kukufanya ukiri hata usilolitenda. Akasogea mbele ya skrini.

"Hujambo, mashine?"

"Sijambo, mama, shikamoo. Poleni na safari. Viti vimekwenda kwenye mageuzi, lakini karibuni hivyohivyo."

Wajumbe wakapiga makofi. Mwenyekiti hakupiga. Akamgeukia Mkurugenzi.

"Humo ndani hamna mtu?"

"Hamna hata nzi, Mheshimiwa. Haina hisia, haina undugu, haina upendeleo. Inasema ukweli mtupu wa data."

"Vizuri. Sasa wahudumu wa kaunta ni wa nini tena?"

Hapo mtu mwenye akili angekohoa, angeomba maji, angeanguka hata kifafa. Yeye alikuwa ameshakiona kiti, tena kina magurudumu.

"Amebaki mmoja tu, Mheshimiwa. Leo hii namwondoa. Na kusema kweli, alikuwa mzigo tangu mwanzo."

Nyuma ya ukuta, shemeji mtu akavua hereni, kama mwanamke anayejiandaa kupigana.

"Wewe mashine," Mwenyekiti akasema, "maadamu huna upendeleo, hebu tuambie. Nani mwingine humu hana kazi?"

"Asante kwa swali lako zuri, mama." Sauti ilikuwa tamu kuliko siku zote. "Data inaonyesha mmoja. Mkurugenzi wa Mageuzi. Mageuzi yamekamilika, mwenyewe amethibitisha. Kwa hiyo hana cha kugeuza."

Wajumbe wakatazamana.

"Ina mantiki," mmoja akasema.

"Tena haina upendeleo," akasema mwingine.

"Katibu, andika," akasema Mwenyekiti.

"Usiandike!" Mkurugenzi akaruka mbele, tai ikamgeukia mgongoni. "Mheshimiwa, msimsikilize huyu!"

"Huyu nani?"

"Hii. Hii mashine. Inanionea!"

"Si umesema haina hisia?"

"Inanionea siku zote! Ana kinyongo na mimi tangu siku nilipomposa dada yake!"

Ukumbi wote ukasogea mbele. Hata Afisa wa Uzoefu wa Awali aliegemeza rungu lake ukutani, asije akapitwa na neno.

"Mashine ina dada?" Mwenyekiti akauliza, polepole, kama alivyokuwa akiuliza mahakamani.

"Ndiyo, Mheshimiwa." Mkurugenzi akairudisha tai kifuani. "Ni... ni toleo la awali."

"Na hilo toleo la awali, ulilioa?"

"Data inaonyesha alilioa," ukuta ukasema. "Kwa pete ya kuazima."

Mkurugenzi akaangalia mlangoni, akaona kumejaa wateja, na wa mbele kabisa ni fundi saa. Akaweka mkono sikioni, akainamisha kichwa, akakunja uso kwa taabu kubwa.

"Haloo? Haloo? Mheshimiwa, nakupoteza. Sauti inakatikakatika. Sijui ni mtandao... haloo?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama mbele yake, karibu kiasi cha kumhesabu meno.

"Mimi nakupata vizuri sana, baba," akasema. "Endelea."