Tume ya Shinikizo na Boila ya Bibi Hoekema

Ifahamike kwa wakazi wote wa Oosterwier kwamba Shirika la Nyumba limeunda Tume ya Uchunguzi wa Shinikizo la Juu la Maji, na kwamba Tume hiyo haitapumzika hadi mshale wa boila ya Bibi Tjitske Hoekema urudi mahali pake.

Ndivyo lilivyosomeka tangazo. Aliyeliandika, Wiebe Tolsma, Mratibu wa Mashinikizo ya Majumbani, alilisoma mara nne kwa sauti, maana hakuwahi kuandika kitu kizuri kama hicho.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi. Boila ya kupasha nyumba joto, inayosukuma maji ya moto hadi kwenye redieta za vyumbani, ikiwa imepoa, mshale wake wa shinikizo hukaa kwenye moja na nusu. Ukifika tatu, vali ya usalama hufunguka na kumwaga maji. Bibi Hoekema, mjane wa miaka sabini na tisa, alipiga simu mara moja tu, baada ya ukaguzi wa mwaka, kusema mshale uko mbili na nusu. Tangu hapo Shirika lilituma wataalamu mara sita, na mara zote sita walithibitisha kuwa uko juu. Takwimu haziongopi.

Wiebe mwenyewe alikwenda mara mbili. Alivua viatu mlangoni, akanywa kahawa, akaifuata Fomu Namba 14 neno kwa neno. Fungua koki ya kujazia maji kuhakikisha inafanya kazi. Sikiliza maji yakiingia. Funga. Kisha soma mshale.

"Ulitazama ulikuwa wapi kabla hujagusa?" Bibi Hoekema aliuliza.

"Usomaji wa kabla hauna kisanduku kwenye fomu, Bibi."

"Mwanangu, presha inapanda mkija. Mkiondoka nachukua kifunguo, natoa vikombe vitatu vya maji kwenye redieta ya chumbani, inashuka. Mnarudi, inapanda. Sasa hapo mgonjwa ni boila au ni nyinyi?"

Chini ya Mengineyo, Wiebe aliandika: *Mpangaji anadai shinikizo huathiriwa na wageni.*

Tume ilikutana mara tano, kwa sababu Oosterwier hakuna uamuzi unaopita mpaka kila aliye mezani aseme ndiyo, akiwemo Bi Froukje, anayemwagilia mimea ya ofisini. Hatimaye ilikubaliwa kwa kauli moja kwamba maji hayajiongezi yenyewe. Kuna mtu anayaongeza, na anayeishi na boila ni mmoja. Ikaandikwa Amri ya Saba: yeyote atakayebainika kuongeza maji, bila kujali umri wala cheo, jengo lake litafungiwa joto hadi wahusika wote wahudhurie mafunzo na kufaulu mtihani. Maneno "wala cheo" yaliongezwa na Mkurugenzi Douwe Wielinga kwa kalamu yake mwenyewe. Aliona yana heshima.

Nje, mifereji ilikuwa imeganda. Bibi Hoekema alikuwa na pumu. Wiebe alipompelekea barua yenye Amri hiyo, Bibi aliisoma amesimama, kisha akairudia.

"Mtanifungia joto Januari."

"Ni utaratibu, Bibi. Hauna chuki na mtu."

"Ningekuwa na mapafu ya utaratibu, ningewashukuru."

Wiebe aliona aibu, aibu ya kweli. Alitazama fomu kuona pa kuiandika, hakupaona, akaondoka nayo.

Jumatatu Mkurugenzi alikuja mwenyewe kutekeleza Amri, akiwa na Baukje, mwandishi wa gazeti la mji. Mshale ulikuwa moja na nusu. Mkurugenzi akaifungua koki, akageuza uso kwa kamera na kutabasamu. Picha ya kwanza alifumba macho, ikabidi irudiwe.

"Mmejionea," alisema, akiuonyesha mshale uliokaribia tatu. "Juu."

Kisha akaomba choo.

Kila choo cha Oosterwier kina kalenda ya siku za kuzaliwa za ndugu na jamaa, iliyotundikwa usawa wa macho ya aliyeketi, naye aliyeketi hana budi kuisoma. Mkurugenzi aliisoma. *Tarehe 9, Antje. Tolsma, kaja 1.5, kaondoka 2.4. Tarehe 12, mhakiki wa Tolsma, kaja 1.5, kaondoka 2.5. Tarehe 15, Gerlof. Mhakiki wa mhakiki, kaja 1.5, kaondoka 2.6.* Alikaa mle ndani muda mrefu kuliko haja iliyompeleka.

"Twendeni," alisema alipotoka.

"Subiri kidogo, Bwana Mkurugenzi," alisema Bibi Hoekema, akichukua penseli. "Wewe bado sijakuandika."

Alipomaliza kuandika, Baukje akasema kahawa ilikuwa nyingi, naye angependa kupita chooni. Aliingia na kamera.

Gazeti lilitoka Jumatano, picha ya kalenda ukurasa wa mbele, na kila msomaji akajua ni nani wanaoongeza maji. Mkurugenzi aliitisha Tume ili Amri ya Saba ifutwe, lakini kufuta nako kulihitaji kauli moja, na Bi Froukje alisema yeye mimea yake inavumilia baridi. Ofisi ikafungiwa joto. Kanuni zilitaka mafunzo yatolewe na mpangaji aliyeathirika.

Bibi Hoekema alifika Ijumaa, akawakuta wafanyakazi arobaini wameketi na makoti na skafu, pumzi zikiwatoka kama mvuke wa birika.

"Swali ni moja," alisema. "Mshale uko moja na nusu, nyumba ina joto. Unafanya nini?"

"Naiacha boila kama ilivyo," alijibu Wiebe.

"Umefaulu, mwanangu."

Mmoja baada ya mwingine walijibu hivyo hivyo, wakafaulu. Wa mwisho alikuwa Mkurugenzi. Alisimama, akakohoa, akasema kwamba katika mazingira ya namna hiyo yeye angeunda tume.

Bibi Hoekema alimtazama bila haraka. Akaandika: *Arudie wiki ijayo.*

Wafanyakazi thelathini na tisa walivaa glavu zao, kisha wakamgeukia Mkurugenzi.