Risasi za Kumimina Nyumbani kwa Harusi ya Alya

Jumamosi, 30 Januari 1999. Nizwa.
Harusi ya binti yangu Alya ni Alhamisi, Izki, kwa wakwe. Wanaume watapiga shabaha, ndiyo ada. Na shemeji Khelef, kaka yake mke wangu, atapiga tena katikati, halafu atasema ni bahati tu. Miaka sita naisikia bahati hiyo! Safari hii mimi. Bunduki ya marehemu babu, na risasi nitamimina mwenyewe. Nimepata kalibu ya kumiminia kwa Marhoun, fundi wa Firq. Khelef kaniona nayo. Akaniambia, kwa Kiswahili chake cha Tabora, nicheki saizi kwanza. Wivu mtupu.

Jumapili, 31 Januari.
Mke wangu Ghaniya na Alya wamekwenda kwa mshoni. Jiko langu! Nimeyeyusha madini ya risasi ndani ya sufuria la chuma, zito, zuri. La marehemu mama mkwe, walikuja nalo kutoka Tabora. Tone la jasho likaniponyoka likaingia ndani. Paa! Kanzu matundu matatu, ndevu zimeungua upande. Lakini risasi ishirini, zinang'aa kama meno ya mtoto. Sufuria nimelisugua kwa mchanga, nimelirudisha. Hatojua.

Jumanne, 2 Februari.
Ya Rabbi! Wageni wa kike kumi na wawili, na Ghaniya kalitoa sufuria lile lile kupikia pilau. Risasi ni sumu, hata mimi najua. Nikasema tununue chakula sokoni. Akasema harusi imenichanganya akili. Nikajikwaa kwa makusudi. Pilau lote chini. Akanihurumia! Akafuta sakafu, akatia mchele mwingine. Sufuria lile lile. Nikasema kweli.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Akaniuliza kama najua kuwa mama yake alilipakata sufuria hilo siku nzima ndani ya gari la moshi, asikubali kuliweka chini. Nikasema sijui. Akatoka nalo, akakaa kizingitini. Wageni wakala mkate kwa chai.

Alhamisi, 4 Februari. Izki.
Watu mia mbili. Khelef katikati. Bahati tu, akasema. Zamu yangu. Nikalenga. Moshi mwingi, kishindo kidogo. Risasi ikatoka, ikaanguka hatua kumi mbele yangu. Sheikh Hamdun, baba yake bwana harusi, akaenda kuiokota, akaipangusa, akaniletea kwa heshima zote.

"Sheikh Mahrous, umeangusha kitu."

Kalibu ndogo, mtutu mkubwa. Sikupima. Alya alikuwa akichungulia dirishani. Akafunga pazia.

Ijumaa, 5 Februari.
Ghaniya hasemi nami. Anasema na kuku, na mlango, na Khelef kwa simu. Nimemwomba radhi mara tatu. Ya tatu akajibu: nisiyeyushe tena kitu. Nimeapa.

Jumamosi, 6 Februari.
Fikra imenijia ofisini. Risasi haikuwa na kosa, kosa ni la bunduki! Nyingi imebaki, na wavuvi wa Sur wanataka machubwi ya kuzamishia nyavu. Chubwi halina haja ya kwenda mbali, lizame tu. Na nimeapa Nizwa, sikuapa Sur. Nimempigia dada yangu Turkiya, aliyeolewa huko. Shikamoo kaka, akasema, leo umenikumbuka! Nikamwambia nakuja kumjulia hali tu. Nikamuuliza, kwa mapenzi ya ndugu, Ijumaa hutoka saa ngapi kwenda kwa majirani, na hukaa muda gani.