Mchicha wa Sebuleni

Jumatatu, 4 Machi
Mama watoto kashuka ghorofa tatu kutafuta mboga, karudi goti limevimba. Mimi hanitumi, eti wauza mboga wananipa majani yaliyolala nami nawashukuru. Basi nitamletea shamba sebuleni! Akauliza fundi saa kawa mkulima tangu lini. Tangu leo. Ndoo nne nimezitoboa, mbegu za mchicha ndani. Maji yaliyooshewa mchele ndiyo ya kumwagilia, maganda ya viazi ndiyo mbolea. Hakitupwi kitu! Kanipa mpaka tarehe 24. Asipokula mboga ya humu ndani, ndoo nje, naye arudi kwenye ngazi zake. Goti lile!

Jumamosi, 9 Machi
Imeota! Kila asubuhi nang'oa mche mmoja mmoja, natazama mizizi, naurudisha. Saa utaijuaje bila kuifungua? Jirani wa chini, mshonaji, mwenye nyanya dirishani, kasema hata yeye angevuliwa nguo kila asubuhi asingenenepa. Nikamwambia akashone mdomo.

Ijumaa, 15 Machi
Ndoo tatu zimekufa. Ugonjwa gani huu? Imebaki ile ya dirishani nyuma ya kochi. Huko mgongo wangu haufiki, sijaigusa.

Jumamosi, 23 Machi
Kesho ndiyo kesho. Mama watoto kalala mchana, nikajikokota sokoni. Fungu zima la mchicha nimelichomeka kwenye ndoo tatu. Shamba hilo!

Jumapili, 24 Machi
Kavuta shina, halina mzizi. La pili, vilevile. La tatu likaja na kamba ya muuzaji! Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza, mzee mzima, ngazi zote zile kwa magoti yako? Nikaangalia dari. Akainama nyuma ya kochi, akatoka na mchicha laini, umejaa sufuria. Kumbe alikuwa akiumwagilia kimya kimya! Tukala. Mtamu! Ndoo zibaki, kasema, mradi nisizisogelee. Wiki hii hashuki.

Jumatatu, 25 Machi
Mshonaji kaja kuuliza siri. Nikamwambia ni mkono, mama, wengine tumezaliwa nao.
Nimemwomba mama watoto bafu. Uyoga unapenda unyevu. Sisi tutaogea jikoni. Bafu kalitia kufuli. Mke huyo! Hata sijapanda, kashaanza kuulinda.